Bandari za Ufaransa

Macho ya msafiri hupenda kuta, lakini akili yake haina budi kuuliza kuta hizo zilijengwa kwa mali gani. Pwani ya Ufaransa hufundisha jambo hilo vizuri.

La Rochelle ina minara miwili ya karne ya 14 kwenye mlango wa bandari. Zamani mnyororo ulivutwa kati yake usiku ili chombo kisipite. Saint-Malo imezungukwa na boma la mawe, na mji uliomo ndani, ulioteketea kwa vita mwaka 1944, ulijengwa upya kwa sura yake ya kale. Huo ni uzuri, wala hauna ubishi.

Lakini uzuri si ushahidi wa wema. Nantes, bandari ya mto Loire, iliongoza Ufaransa katika biashara ya watumwa. Majumba ya matajiri wake yangali yamesimama gatini, na nyuso zimechongwa juu ya madirisha. Mwaka 2012 mji huo ulifungua ukumbusho wa kukomeshwa kwa utumwa: vibao vya kioo 2,000 vimelazwa ardhini, vingi vikitaja merikebu zilizofanya safari hizo.

Habari hii si ngeni Afrika Mashariki. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa, auziwe watumwa 1,000 kila mwaka.

Basi aendaye Nantes ayainue macho aone majumba, kisha ayainamishe asome vibao. Asiyefanya yote mawili hajaiona bandari.