Barua kwa mpwangu aliyekabidhiwa watu asiowaona

Kisauni, Mombasa

Mpwangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako limepunguza kuuma tangu abadilishiwe dawa, na mdogo wako amepata kazi bandarini, ingawa bado ni ya kibarua. Idi ulituma pesa, tukazipokea na tukakuombea dua, lakini aliyekuwa akitazamiwa mkekani ni wewe. Hayo tutayasema ukija.

Nakuandikia kwa jambo nililolisikia. Usiniulize nimelisikia kwa nani, wala usimtafute huko kazini kwako. Nimeambiwa kwamba tangu upandishwe cheo na kukabidhiwa wale vijana wanaofanya kazi majumbani mwao, wengine Voi, wengine Kisumu na Eldoret, wengine hadi Kampala na Dar es Salaam, umekubali wawekewe programu ya kupiga picha skrini zao kila baada ya dakika chache, na kamera zao ziwe wazi kutwa nzima. Nimeambiwa pia kwamba kijana wa Voi ameandikiwa barua ya onyo kwa sababu kompyuta yake ilikuwa kimya alasiri mbili. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kama lipo, nakuomba ulisimamishe. Kama laja, lizuie.

Alasiri zile mbili kijana alikuwa na nini? Mimi sijui. Linalonitia hofu ni kwamba huenda na wewe hujui, na barua ya onyo imekwisha kwenda.

Usidhani kazi ya mbali ilianza na Korona mwaka 2020, ofisi zilipofungwa watu wakarudi majumbani na kompyuta zao. Mimi nimeifanya kazi hiyo miaka mingi. Nilikuwa nikipanga safari za malori, na watu wangu wote walikuwa barabarani. Kutoka hapa Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni zaidi ya kilomita 900, na wengine walikuwa wakiendelea hadi Kampala na Kigali. Nilikuwa naweza kukaa wiki mbili sijamwona dereva kwa macho. Kabla ya simu za mkononi, dereva alikuwa akipiga simu ya kibanda akifika mji wenye kibanda kizima, au akituma salamu kwa mwenzake anayeteremka. Na mzigo ulifika. Ulifika kwa sababu dereva akikwama alijua kwamba akinieleza kweli hataumia.

Baadaye kampuni niliyoitumikia ikaleta vifaa vya kufuatilia magari. Skrini kubwa ikatundikwa ofisini, kila lori nukta yake: kijani likitembea, nyekundu likisimama kupita nusu saa. Kifaa chenyewe sikukichukia. Lori la kontena lina mali ya watu, na mwenye mali ana haki ya kujua liko wapi. Usiku gari likichepuka njia, ile nukta huokoa mzigo na roho pia. Lakini pamoja na kifaa akaletwa meneja mpya, shemeji wa mwenye kampuni, akapewa kiti ambacho kila mtu pale alijua kilikuwa changu. Hakuwahi kulala kwenye lori hata usiku mmoja. Akatoa amri: nukta ikiwa nyekundu bila ruhusa, posho ya safari inakatwa.

Tulikuwa na dereva mmoja mtu mzima, mtu wa Taveta, aliyeijua barabara ile kuliko waliochora ramani yake. Siku moja akielekea bara alipaki Mtito Andei zaidi ya saa tatu. Meneja akampigia simu mbele yetu sote, akamfokea: "Lori limelala au umelala wewe?" Hakungoja jibu. Posho ikakatwa. Kumbe yule mzee alikuwa akitetemeka kwa homa, na utingo wake alikuwa ameshuka kutafuta duka la dawa. Hilo nililijua baadaye, kwa utingo. Dereva mwenyewe hakusema neno. Angemwambia nani, na meneja alikwisha kata shauri?

Kuanzia siku ile madereva wakajifunza. Ripoti zikapendeza. Nukta nyekundu zikapungua, na meneja akaenda kwa mwenye kampuni kifua mbele. Mimi nilikuwa nikisikia sauti zao kwenye simu zimebadilika. Mtu aliyekuwa akinieleza breki zinavyolia, mtoto wake alivyofukuzwa shule kwa karo, askari wa mizani ya Mariakani walivyomchelewesha, sasa alikuwa akijibu neno moja: "Salama." Niliyasema hayo ofisini, nikaambiwa mambo yangu ni ya kizamani.

Haikupita miezi mingi, yule mzee alikuwa akirudi kutoka Kampala. Usingizi ulimkamata tangu Timboroa. Utingo alimsihi wapaki Mau Summit walale hadi alfajiri. Akamjibu kwamba nukta ikiwa nyekundu watoto watakosa unga. Basi wakateremka Sachangwan, mteremko ambao kila dereva wa masafa anauogopa hata akiwa macho, na kabla ya kufika Salgaa lori likaacha barabara. Utingo alivunjika mkono. Mzee alikatwa mguu, hakuendesha tena. Nilikuwa zamu usiku ule. Skrini ilionyesha kijani mpaka dakika ya mwisho.

Fikiria hilo, mpwangu, kabla ya kuwawekea watu wako ile programu. Itakuonyesha mkono unaocheza kwenye kibodi. Haitakuonyesha kwamba mwenye mkono ameuguza mtoto usiku kucha, au hajaelewa kazi na anaona haya kuuliza. Na ukimwadhibu kwa kunyamaza kwa kompyuta, atahakikisha hainyamazi: ataigusagusa ionekane hai, huku kazi yenyewe imelala. Utakuwa na rangi ya kijani skrini nzima na hutakuwa na habari ya mtu yeyote.

Mtu aliye mbali nawe ana njia moja tu ya kukufikishia kweli: akuambie mwenyewe. Kila adhabu unayoitoa kabla ya kuuliza inaziba njia hiyo, na ikizibika kwa mmoja imezibika kwa wote, kwa sababu wanaambiana.

Najua utasema amri imetoka juu. Basi wakumbushe walio juu kwamba nchi hii ina sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inampa mtu faragha yake, na hao wako wamekaa vyumbani mwao, kamera inaona hadi mama mzazi akipita na kanga. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu amweleze anakusanya nini na kwa sababu gani, wala asichukue kupita anachohitaji. Kama kazi yao ni kujibu wateja, pima majibu: yametoka kwa wakati, yamemaliza shida ya mteja? Kubaliana na kila mmoja kazi ya wiki ni ipi na ikiisha itaonekanaje, kisha mwachie saa zake. Hicho ni kipimo halali, na mfanyakazi mwenyewe anaweza kukisoma.

Utaniuliza, bila kuwachungulia, utawajuaje? Kwa simu, na kwa mazoea. Mimi kila dereva nilikuwa nampigia kwa zamu, na swali la kwanza lilikuwa "umekula?", la pili "gari laendaje?", ndipo nikauliza "uko wapi?" Niliyembadilishia mpangilio huo simjui. Mwaka 2020, karibu na kustaafu kwangu, madereva walizuiwa Malaba wakisubiri vipimo vya Korona, foleni ya malori makumi ya kilomita, na watu wa vijiji vya njiani waliwakimbia kama wamebeba kifo. Kila jioni niliwapigia. Aliyeishiwa nilimtumia M-Pesa ya chakula nikadai ofisini baadaye, na nyingine hadi leo sijalipwa. Wake zao niliwapigia pia, kuwaambia waume zao wazima. Hakuna hata mmoja aliyetelekeza lori. Nilipostaafu walikuja nyumbani hapa na magari yao, uliza majirani. Kampuni ilinipa saa ya ukutani.

Nawe fanya hivyo. Kila wiki zungumza na kila mmoja peke yake, hata robo saa, na usiifute miadi hiyo kwa sababu ya mkutano wa wakubwa, kwa maana mtu wa mbali akifutwa mara mbili huona amesahauliwa. Ukisikia sauti imebadilika, uliza tena siku ya pili.

Mengine nitayasema kwa ufupi, uyashike.

Usimkemee mtu kwenye kundi la WhatsApp. Msifu huko, na lawama impate faraghani, kwa sauti yako, si kwa maandishi.

Ukiamua jambo kwa mdomo na wale mliokaa pamoja Nairobi, liandike siku hiyo hiyo wa mbali walisome. Asiyekuwapo na lake halipo, wamesema wazee. Basi nafasi ya kupandishwa cheo ikitokea, wa Voi na Kampala wawe wa kwanza kutajwa kinywani mwako.

Umeme na mtandao usivifanye kosa la mtu. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima hata uwanja wa ndege wa Nairobi ukaingia gizani, na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ilizorota kuanzia huku hadi Dar es Salaam. Kampuni iwalipie bando, na mwenye shida ya umeme apewe betri.

Usiwatumie kazi usiku. Wafaransa wana sheria ya hilo tangu 2017, na Seneti yetu ililetewa mswada wa namna hiyo mwaka 2022. Wewe usingoje sheria.

Aliye mgeni kazini mpe mwenzake wa kumshika mkono miezi ya mwanzo, maana nyumbani hana meza ya jirani ya kuchungulia.

Mara moja au mbili kwa mwaka wakusanye, wale pamoja, waonane nyuso.

Sasa nakuagiza kama mjomba wako. Kabla ya wiki hii kwisha mpigie yule kijana wa Voi, wewe mwenyewe. Mwulize hali yake, kisha umngoje aseme. Ukiona alionewa, ile barua ya onyo ifutwe kwa maandishi, na wenzake wajue imefutwa. Ukiona ni mvivu kweli, basi mwonye, lakini utakuwa umemwonya mtu unayemjua.

Na hiyo programu ikatae kwa hoja, si kwa ugomvi: wapelekee wakubwa hesabu ya kazi iliyofanyika. Wakikuona hufai kwa sababu hiyo, njoo nyumbani. Chumba chako kipo, mama yako nitazungumza naye mimi, na kazi nyingine utapata, kwa kuwa watu waliowahi kutendewa haki na mkubwa wao hawalisahau jina lake.

Wasalaam,
Mjomba wako