Anwani ya nyumbani

Nilipotea kidogo, mazoezi ya kufundisha yalinibana. Nilipangiwa kwetu kabisa, Nyarugusu. Ile ya Geita lakini, ya machimbo ya dhahabu, siyo ya Kasulu yenye kambi ya wakimbizi. Hapa chuo kila nikijitambulisha lazima nifafanue.

Basi, siku ya kukaguliwa nilikuwa na kiprogramu changu cha Python. Jaribio liko kwenye leptopu yangu, wanafunzi wanajibu kwa kompyuta 5 za shule, zote kwenye ruta moja, intaneti hakuna. Usiku nililijaribu kwenye leptopu, safi kabisa. Nikaandika ubaoni 127.0.0.1 na namba ya poti. Watoto wakaingiza. "Mwalimu, haifunguki!" Msimamizi yuko nyuma ya darasa, kalamu mkononi. Jamani, jasho lilinitoka.

Kumbe 127.0.0.1 maana yake "mimi mwenyewe". Ni sawa na kuliambia darasa zima "nendeni nyumbani": kila mtoto ataenda kwao. Kila kompyuta ilikuwa inajitafuta yenyewe.

Nikabadilisha soketi isikilize 0.0.0.0, yaani milango yote. Nikaiuliza anwani yake kwa getsockname(), ikanijibu 0.0.0.0! Sasa hiyo utamwandikia nani ubaoni? Ndipo nikakumbuka kwamba mashine moja huwa na anwani kadhaa, ya waya, ya Wi-Fi, ya ndani, na soketi haijui itumie ipi mpaka ijue inaelekea wapi. Nikafungua soketi nyingine ya UDP, nikaipa connect() kuelekea kwenye ruta. Hapo hakuna hata pakiti moja inayotumwa. Mfumo endeshi unachagua njia tu, na njia ikishajulikana, anwani nayo inajulikana. getsockname() ikatoa 192.168.1.7. Nikafuta ubao, nikaandika hiyo. Zikafunguka zote 5.

Alama za maandalizi zilikatwa, halali yangu. Mwanafunzi hakai kwenye kiti cha mwalimu, nilipaswa kujaribu kutoka kwenye kompyuta yake.

Mimi mwenyewe hapa chuo natoka Geita. Nikifika Geita mjini natoka Nyarugusu. Nyarugusu wananiuliza "wa kwa nani?" Na cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanza, maana mkoa wa Geita ulianza 2012. Zote kweli, inategemea anayeuliza yuko wapi.

Ngoja niwahi kipindi. Tuonane wiki ijayo!