Mama, ukifika Kinshasa

Wamama wenzetu wa Kivu, sisi tunaoishi Kinshasa tunawapokea wengi wenu. Ukishuka N'djili, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Barabara ya Lumumba hujaa magari, basi usiahidi kufika Gombe upesi. Usiku usipande taksi ya njiani. Mwombe mwenyeji akutafutie dereva anayemjua. Mwenzetu mmoja alinyang'anywa humo michango ya wamama 20, akaona haya kurudi nyumbani. Tulimsindikiza sisi wenyewe. Kwa hiyo, feza ya kikundi usiibebe peke yako. Sokoni, anza na "mbote", kisha "ntalo boni?" Ukisalimia kwa Lingala, wauzaji watakuonyesha njia. Na kabla ya kurudi, wapeleke watoto mtoni waone Brazzaville ng'ambo: miji mikuu miwili inayotazamana.