Meno ya Kalulu

Mji wa Kolwezi, ambao tangu mwaka 2015 ni mji mkuu wa jimbo la Lualaba, umegawanyika katika komine mbili, Manika na Dilala. Huko Dilala alikaa msichana mmoja wa darasa la tano, pamoja na wazazi wake na yaya wake, kijana mwenye nguvu na mwenye haraka. Nyuma ya nyumba yao baba alifuga sungura wa kuliwa. Lakini sungura mmoja mweupe hakuwa wa kuliwa. Huyo alikuwa wa msichana. Alipewa na nkambo wake, mama ya mama yake, na nkambo ndiye aliyemwita Kalulu.

Katika hadithi za Waluba na Wabemba, Kalulu ni yule mnyama mdogo mwenye akili anayewashinda simba na fisi. Kusema kweli, Kalulu wa hadithi ni sungura wa porini, na sungura wa kufugwa ni wa ukoo mwingine. Babu zake walitoka Hispania na Ufaransa, naye akaletwa Afrika na Wazungu. Yule wa porini huzaa watoto wenye manyoya, macho yao yakiwa wazi. Huyu wa kufugwa huzaa watoto uchi wasioona. Nkambo aliambiwa hayo yote na mjukuu wake, aliyeyasikia shuleni. Akajibu, "Masikio ni yale yale."

Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Kolwezi iko juu sana, zaidi ya mita 1,400 kutoka bahari, na usiku wa mwezi wa saba watu huota moto wa mbabula. Mvua zilikuwa zimekwisha tangu mwezi wa nne, na majani yamekauka. Yale yaliyobaki kando ya barabara yalikuwa mekundu kwa vumbi la malori yanayobeba mawe ya shaba na kobalti. Basi msichana alimpa Kalulu vipande vya mkate na mabaki ya bukari. Kalulu alikula upesi, kisha hakuwa na kazi. Akashika waya wa kizimba kwa meno yake akauvuta, usiku na mchana.

Siku moja msichana aliona kidevu cha Kalulu kimelowa mate. Alipompapasa mgongoni alisikia mifupa. Akamfungua mdomo, akashangaa. Meno mawili ya chini yalikuwa yametoka nje, na ya juu yamepinda ndani kama pembe za kondoo dume. Mnyama hakuweza tena kushika jani.

Msichana alimwita yaya wake, akamwambia, "Yaya, leta koleo la Baba, umkate haya meno."

Yaya hakutaka. Akasema, "Ngoja Baba arudi." Lakini msichana alimsihi mpaka akakubali. Msichana alimshika Kalulu, na yaya akakata. Jino la kwanza lilikatika. La pili lililia, ka! likapasuka toka ncha mpaka ndani ya ufizi. Damu ikatoka. Wakamfuta, wakarudisha koleo mahali pake, wakapatana kwamba hawatasema neno.

Baada ya siku sita taya la Kalulu lilivimba. Akakaa pembeni mwa kizimba, mgongo umejikunja, akisaga meno kwa maumivu. Baba alimtazama akasema, "Mnyama huyu anakufa bure. Ningalimchinja mapema."

Mama akasema, "Hata sasa hafai chunguni. Ana usaha."

Msichana alikuwa na fedha kidogo alizopata kwa kuuza karanga. Akazileta zote mezani. Yaya naye, bila kuulizwa, akaleta zake. Baba aliwatazama wote wawili muda mrefu. Alijua bei ya sungura sokoni, tena alijua kwamba mganga hulipwa zaidi ya hiyo. Mwisho akavaa kofia yake, akasema, "Mtieni katika kikapu."

Mganga wa wanyama alikuwa mtu aliyesoma Lubumbashi, kwenye Chuo Kikuu, katika kitivo cha wanyama. Kila siku aliwatibu mbuzi, nguruwe na mbwa. Sungura hakuletewa mara nyingi. Aliangaza ndani ya mdomo wa Kalulu kwa tochi ndogo, akatazama hata magego ya nyuma. Kisha akauliza, "Jino hili limepasuka namna gani?"

Nyumba ilinyamaza. Yaya alitazama chini. Msichana aliona kwamba yaya yu tayari kubeba kosa peke yake, maana mkono uliokata ulikuwa wake.

"Bwana Mganga," alisema, "tulikata kwa koleo. Ni mimi niliyemwagiza."

Baba akageuka. Mganga hakukasirika, akasema, "Vema umesema. Kama sijui kwamba jino limepasuka mpaka mzizini, navuta kipande cha juu na kuacha cha chini, na usaha unarudi." Akawaeleza. Sungura ana meno 28. Mbele yako sita: mawili ya chini, mawili makubwa ya juu, na nyuma ya hayo makubwa mawili madogo sana, ambayo watu wengi hawajayaona kamwe. Tena meno ya sungura hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele huongezeka karibu milimita mbili kila juma, au hata zaidi. Yakikutana sawasawa husagana na kupunguzana. Yasipokutana, hukua tu. Sungura wengine huzaliwa na taya lisilo sawa. Wengine huyapinda meno kwa kuvuta waya. Koleo haliyakati bali huyapasua, ndiyo maana waganga hutumia kijiwe kinachozunguka. Lakini kwa Kalulu kijiwe kisingefaa tena. Meno yote sita ya mbele lazima yang'olewe.

"Ataishi bila meno?" Baba aliuliza.

"Magego yake ni mazima, na magego ndiyo yanayosaga. Meno ya mbele ni mkasi tu. Ninyi mtakuwa mkasi wake."

Msichana aliuliza kama asimpe chakula asubuhi ya kupasuliwa, kama vile wagonjwa wa hospitali wanavyokatazwa. Mganga akasema hapana. Mtu huzuiwa kula ili asitapike katika usingizi wa dawa. Sungura hawezi kutapika hata akitaka, na tumbo lake likikaa tupu ni hatari. Ale mpaka saa ya mwisho.

Kesho yake Kalulu alipasuliwa. Kazi ilichukua karibu saa nzima, kwa maana mizizi ya meno ya sungura ni mirefu na imepinda, haitoki kwa kuvuta tu. Mganga aliilegeza polepole pande zote. Lile lililopasuka lilimtoa jasho.

Alipowarudishia kikapu aliwaambia hivi: "Kazi yangu imekwisha, yenu inaanza sasa. Sungura wengi hawafi mezani kwangu. Hufia nyumbani, siku ya pili au ya tatu, kwa sababu wana maumivu, hawali, na matumbo yanasimama. Matumbo ya sungura yakisimama siku moja, hujaa hewa, naye hufa. Msimngoje aone njaa. Mlisheni." Akawapa dawa ya kutuliza maumivu, ameipima kwa uzito wa Kalulu, na bomba dogo la sindano lisilo na sindano.

Mama alitwanga majani makavu katika kinu, akayachekecha mpaka yakawa unga. Msichana akauchanganya na boga lililopikwa na maji ya uvuguvugu, mpaka ukawa uji unaopita katika bomba. Akamfunga Kalulu kitambaa, akamketisha wima juu ya mapaja. Hakumlaza chali, maana uji ungeingia mapafuni. Akatia bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya vidonda, akasukuma tone dogo. Kalulu akalitema. Akasukuma lingine, likamwagika shingoni. La tatu Kalulu alilitafuna kidogo akameza. Hivyo, tone kwa tone, kikombe kidogo cha kahawa kilichukua karibu saa moja, na baada ya saa tatu kazi ikaanza tena.

Usiku umeme ulikatika, ingawa mabwawa ya Nzilo na Nseke hayako mbali. Msichana alitumia tochi. Alijaza chupa maji ya moto, akaizungushia kitambaa, akaiweka kando ya Kalulu, kwa sababu mnyama aliyetoka katika dawa ya usingizi hupoa upesi. Saa sita za usiku alimlisha. Saa tisa za usiku yaya alimwamsha, kwa kuwa wamegawana zamu, wakamlisha pamoja. Kila mara msichana alimulika sakafu ya kizimba. Alitafuta mavi. Usicheke. Vile vidonge vya mviringo vya sungura, vikubwa kama mbaazi, ndiyo barua inayotoka tumboni mwake. Usiku ule sakafu ilikuwa safi kabisa.

Asubuhi mama wa jirani alipita kuuliza habari. Alikuwa mtu mwema, tena alileta zawadi: vidonge vya ampisilini vilivyobaki wakati mtoto wake alipougua. "Kidogo tu katika uji," alisema. "Usaha utakauka."

Msichana alipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka, akashukuru. Lakini hakumpa Kalulu. Alimtuma yaya kwa mganga. Yaya alirudi anakimbia. Mganga amesema wasithubutu! Ndani ya tumbo la sungura kuna vijidudu vizuri vinavyomsaidia kusaga majani. Ampisilini ikimezwa huviua vile vizuri, vibaya vikaongezeka, na sungura akafa kwa kuhara. Dawa inayoponya mtoto yaweza kumwua sungura. Mama akavirudisha vidonge kwa jirani, akaeleza mambo taratibu, wala jirani hakuona uchungu.

Siku ile ilikuwa ndefu. Kalulu alikaa amefumba macho nusu. Baba alirudi kazini, akapita kizimbani bila kusema, akasimama pale muda kuliko mtu anayepita tu. Msichana alisali rozari pamoja na mama yake, na baada ya sala akaenda tena na bomba lake.

Alfajiri ya siku ya pili alimulika tochi, akaona vidonge vitatu. Vilikuwa vidogo na vikavu, vimeshikana kwa manyoya, lakini ni vitatu. Akapiga kelele nyumba nzima ikaamka. Baba alitoka na blanketi mabegani akauliza kuna moto wapi. Alipoonyeshwa, alitazama akasema, "Basi kwa hayo ndiyo mnatuamsha?" Akarudi kulala. Mama alimsikia akicheka gizani.

Tangu siku ile uji ulipungua na majani yakaongezeka. Sasa shida ilikuwa majani yenyewe. Ya barabara ya kwenda Likasi yana vumbi. Ya kando ya maji yanayotoka migodini, Mama alikataza kabisa kuyagusa. Yaya alitembea mbali na kisu na gunia, akaleta majani mabichi kutoka bustani moja inayomwagiliwa, na matembele kidogo. Msichana aliyaosha, akayakata mafupi kama kidole, maana Kalulu hana mkasi tena. Mwanzo Kalulu aliyasukuma kwa pua, hajui ayashike namna gani. Siku ya nne alikunja midomo, akalivuta jani moja. Likaingia polepole, likipunguka upande mmoja, na magego yakasikika yakisaga, kru, kru, kru.

Waya wa kizimba Baba aliubandua mwenyewe, akatia fito.

Baada ya majuma sita mganga alimtazama tena. Pale palipokuwa jino lililopasuka ilionekana ncha nyeupe, ndogo kama punje ya mchele. Ile mbegu ya jino haikutoka yote. Ikabidi Kalulu alazwe usingizi mara ya pili. Msichana alilia njiani, kwa kuwa alijua ncha ile imetoka katika koleo. Lakini safari hii kazi ilikuwa fupi, na jioni ile ile Kalulu alikula.

Mwezi wa kumi mvua zikarudi, na majani yakajaa kila mahali. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni msichana huyakata, na kila Jumamosi humchana Kalulu manyoya, maana sungura hujichana kwa meno ya mbele, naye hana.

Nkambo alikuja kuwatembelea siku chache kabla ya Watakatifu Wote. Alimpakata Kalulu, akainua mdomo wake wa juu kwa kidole, akatazama ufizi mtupu. Kisha akafungua kinywa chake mwenyewe, ambacho pia hakina meno ya mbele, akacheka mpaka machozi.

"Zamani alikuwa Kalulu," alisema. "Sasa ni ndugu yangu."

Jioni Mama alipopika, msichana alikata nyama ya nkambo vipande vidogo vidogo, akaiweka mbele yake kwa heshima. Kisha akatoka na kisu kile kile, akakikosha, akaenda kukata majani.