Hesabu pumzi za mwanao

Mtoto akikohoa, mkono wa mzazi hukimbilia kwenye paji la uso. Lakini ukali wa nimonia, ambayo wengi tunaiita kichomi, haupimwi kwa joto. Hupimwa kwanza kwa pumzi.

Dada yangu wa Boko alinipigia usiku: mwanawe wa miezi minane anakohoa, ila mwili haujachemka sana, je, angoje asubuhi? Nikamwomba amfunue kifua akiwa ametulia, awashe saa ya simu, ahesabu dakika nzima. Zikawa 58. Wakapanda bajaji. Zahanati wakahesabu upya, wakambana kipima oksijeni kidoleni, kikasoma 95. Akarudi nyumbani na amoksilini ya kunywa.

Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miezi miwili anapumua haraka akifikisha pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40. Akilia, subiri anyamaze. Na tafadhali, usihesabu nusu dakika ukazidisha. Pumzi za mtoto hazina mpangilio.

Kwa nini yule hakulazwa? Alikuwa bado ananyonya, anatazama watu. Anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au aliyelegea hata haamki vizuri, huyo ni wa hospitali, sindano na pengine oksijeni, hasa kipimo kikishuka chini ya 90. Na mbavu za chini zikibonyea ndani anapovuta pumzi, ondokeni usiku huo huo. Dawa ya kikohozi ya dukani ibaki kabatini.