MAJI YA UDHU NA MBWA WA MNYORORO

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikiulizwa swali moja, wengine kwa adabu, wengine kwa kejeli: "Sheikh, ni kweli kwako kuna mbwa?"

Ni kweli. Leo nitaeleza yote, kwa sababu ndani ya habari hii kuna kosa langu mimi mwenyewe. Kosa la mwalimu si la kufichwa ikiwa wanafunzi wake wameshalirithi.

Mwaka jana, siku chache kabla ya masika, wanafunzi wangu watano walichelewa madrasa. Walipoingia walikuwa wanahema na kucheka, mmoja bado ana jiwe mkononi. Nikawauliza mlikuwa wapi? Mdogo wao akanijibu bila wasiwasi wowote: "Ustadhi, tulikuwa tunampiga mawe yule mbwa wa kule kwenye pagala. Si ni najisi?"

Nilinyamaza. Maneno yale niliyatambua, yalikuwa yangu. Wiki moja nyuma nilikuwa nimewasomesha mlango wa najisi nzito, na nilipofika kwa mbwa nilikunja uso, nikatia na mzaha kidogo watoto wacheke. Niliwaeleza namna ya kuosha mara saba. Sikuwaambia hata neno moja kwamba mbwa ni kiumbe wa Allah mwenye haki. Niliwapa nusu ya elimu, wao wakaimalizia kwa mawe.

Nikawaambia: "Nipelekeni."

Tukaenda. Nilikuwa na kidumu cha lita tano mkononi, maji yangu ya udhu, kwa sababu siku ile bomba la madrasa lilikuwa halitoi. Nyuma ya pagala, kwenye jua, kulikuwa na mbwa amefungwa mnyororo kwenye nondo. Mwenye nyumba alimweka pale kulinda mabati na saruji. Ujenzi ukasimama, mlinzi akaondoka, mbwa akabaki. Majirani wakikumbuka walimtupia ukoko wa ugali.

Manyoya yalikuwa yameng'oka mgongo mzima kwa ukurutu. Masikio yamejaa kupe. Jicho moja lilikuwa limeziba kwa usaha. Mnyororo ulifungwa akiwa mdogo, naye akakua, ukazama ndani ya nyama ya shingo, na penye kidonda mlikuwa na funza. Mbele yake palikuwa na kopo la rangi, kavu kabisa.

Hakubweka. Niliinua mkono kujifuta jasho, yeye akalala chini akajikojolea. Alidhani nataka kumpiga.

Ndugu zangu, hapo ndipo masuala ya fiqhi niliyoyasomesha miaka na miaka yaliponisimamia mbele kama shahidi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i, ambayo sisi wengi wa pwani ndiyo tuliyokulia, ukifungua mlango wa tayamamu utakuta sababu za kuacha maji na kutumia udongo. Mojawapo ni hii: una maji kidogo, na mbele yako yupo mnyama mwenye hurma aliyeshikwa na kiu. Maji mpe mnyama, wewe tayamamu uswali. Na mafakihi walipoeleza mnyama mwenye hurma ni yupi, walimtoa mbwa mkali anayeshambulia watu. Mbwa wa ulinzi na wa kuwindia wamo ndani ya hurma.

Hebu litafakari hilo. Wanazuoni walewale waliotwambia mate ya mbwa ni najisi nzito ndio waliosema kiu yake inatangulizwa mbele ya udhu wako.

Mimi sikuhitaji hata kutayamamu, msikiti haukuwa mbali. Nikamimina maji kwenye kopo, nikalisukuma kwa fimbo, nikarudi nyuma. Alikunywa mpaka nikaongeza mara mbili. Wale watoto hawakucheka tena.

Nikamtafuta mwenye mbwa kwa simu. Akasema, "Mchukue tu sheikh, utanipa ya soda." Nikamwambia, ndugu yangu, Mtume (s.a.w.) amekataza thamani ya mbwa, hiyo soda nitakununulia siku nyingine kwa sababu nyingine. Akacheka, akaniachia.

Kesho yake nikaja na daktari wa mifugo. Jambo la kwanza alilouliza halikuwa la mbwa, lilikuwa la watoto: kuna aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda? Hakuna, alhamdulillah. Alivaa glavu ndefu, akamfunga mdomo kwa kitambaa, akaukata mnyororo kwa mkasi wa kukatia nondo. Akatoa funza mmojammoja, akaosha kidonda, akamchoma sindano ya ukurutu na minyoo, akamchanja chanjo ya kichaa cha mbwa. Akaniandikia na vidonge vya ugonjwa unaoletwa na kupe, wiki nne, bila kukosa hata siku moja.

Nyumbani, mama watoto alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Na malaika je?"

Swali lake lilikuwa la haki. Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye mbwa ni sahihi, na siigeuzi ili iendane na matamanio yangu. Vilevile ni sahihi kwamba anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa na thawabu zake kila siku. Lakini Mtume (s.a.w.) mwenyewe alivua katika hukumu hiyo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwindia. Mimi ninafuga mbuzi, na mwaka ule tulishaibiwa wawili. Kwa hiyo mbwa akakaa nje, kwenye kibanda kando ya zizi. Ndani ya nyumba haingii.

Nikatenga kanzu kuukuu ya kazi ile, siiswalii. Chombo chake ni chake peke yake. Mkono au nguo ikiguswa na mate yake au na ubichi wake wowote, inaoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Akinigusa mkavu nami mkavu, hakuna cha kuosha, kwa sababu ukavu hauhamishi najisi. Na kugusa najisi kwa haja hakuna dhambi. Muuguzi anashika damu mchana kutwa, kisha ananawa na kuswali.

Nataka mlielewe hili vizuri. Wapo wenzetu wa madhehebu ya Imamu Malik wanaomhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara, nasi hatugombani nao. Mimi nimebaki kwenye madhehebu niliyosomeshwa, na wala hayakunizuia kumhudumia. Hukumu ya kuosha imekuja kutuonyesha namna ya kujitoharisha baada ya kumgusa. Sisi tumeigeuza ikawa ruhusa ya kumtesa.

Kumtibu mwili ulikuwa mwepesi kuliko kumtibu hofu. Wiki tatu za mwanzo hakutoka kibandani mtu akiwepo. Nikazoea kukaa karibu baada ya alfajiri, nimempa mgongo, nasoma nyiradi zangu kwa sauti ndogo. Uji wa dona na dagaa nimeuweka pembeni. Siku ya ishirini na kitu nikasikia nyuma yangu analamba chombo. Sikugeuka. Nilimshukuru Allah machozi yakinilenga, mtu mzima mimi, kwa ajili ya mbwa kula uji.

Manyoya yalirudi baada ya miezi miwili. Jicho halikurudi, lilishakufa. Ukurutu nao hujitokeza tena kila akidhoofika, kwa hiyo dawa haziishi, na gharama zipo. Akisikia mlio wa mnyororo, hata wa baiskeli, anakimbilia kibandani. Usiku lakini yeye ndiye anayelilinda zizi, na tangu afike hatujapoteza hata mbuzi mmoja.

Mzee mmoja wa msikitini kwetu aliniita faraghani: "Sheikh, watu watakuchukuliaje?" Wazazi wawili wakawatoa watoto wao madrasa. Nilikwenda kwao kuwaeleza. Mmoja alinisikiliza, mwingine hakunifungulia mlango. Watoto wale mpaka leo hawajarudi. Hilo linaniuma, sikufichini. Nilijiuliza usiku mmoja: je, nimepoteza wanafunzi kwa ajili ya mbwa? Kisha nikajiuliza: na wale niliowafundisha kumpiga mawe, wale nilikuwa nimewapata au nilishawapoteza?

Sisi tunaijua hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akanywa, akatoka akamkuta mbwa analamba tope kwa kiu. Alishuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno ili mikono ipate kupandia, akamnywesha. Allah akamsamehe. Katika riwaya nyingine ni mwanamke mzinifu wa Bani Israil. Swahaba wakauliza kama kweli kuna malipo kwa wanyama, na Mtume (s.a.w.) akawajulisha kwamba malipo yapo kwa kila chenye uhai. Tunaisimulia kwenye mimbari vizuri sana. Kisha tunatoka msikitini tunampita mbwa aliyefungwa juani bila maji.

Tunaijua pia ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Kosa lake lilikuwa kumfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Yule wa pagala alikuwa kwenye hali gani kama si hiyo?

Na kila Ijumaa tunasoma Suratul Kahf. Mbwa wa wale vijana wa pangoni ametajwa humo mara nne, amelala kizingitini na miguu yake ameinyoosha, analinda. Kitabu kitukufu kimehifadhi habari za mbwa yule mpaka Siku ya Kiyama.

Sasa sikilizeni mambo manne ya kufanyia kazi.

Kwanza, ewe mwenye mbwa wa ulinzi. Kumlisha, kumnywesha na kumpa kivuli ni wajibu juu yako, na mafakihi wameliandika hilo katika mlango wa nafaka. Ukishindwa, mtafutie anayeweza. Kumfunga ukamsahau ni dhuluma, na dhuluma itasimama na wewe mbele ya Allah. Kama huna haja naye, usimchukue tangu mwanzo. Mbwa wa fahari anakupunguzia thawabu.

Pili, mchanje kila mwaka. Kichaa cha mbwa dalili zake zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona, na wagonjwa 99 kati ya 100 duniani wameambukizwa na mbwa. Mtoto aking'atwa, osha jeraha palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mkimbizeni hospitali akapate chanjo siku hiyohiyo. Msisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Tatu, usiniige kwa pupa. Mbwa usiyemjua anaweza kuwa mgonjwa. Mwekee maji kwa mbali, mwite daktari wa mifugo. Rehema haiondoi tahadhari.

Nne, walimu wenzangu wa madrasa. Tukisomesha mlango wa najisi, tusomeshe siku hiyohiyo na mlango wa rehema. Mtoto hatenganishi kama sisi. Ukimwambia kitu ni kichafu ukanyamaza, anaelewa kwamba kinafaa kupigwa.

Wale watoto watano sikuwachapa. Niliwaambia mbele ya darasa zima kwamba mwalimu wao alikosea. Nikawapangia zamu ya kumwekea mbwa maji, na siku ya kwanza tuliosha bakuli pamoja, mara saba, tukihesabu kwa sauti, udongo tumeuchota uwanjani. Mwaka huu hakuna mwanafunzi anayelikosea swali hilo kwenye mtihani.

Wanne kati yao mbwa amewazoea, anawatikisia mkia. Wa tano, yule aliyeingia na jiwe mkononi, bado anamkimbia. Kijana anaweka maji, anaondoka, ndipo mbwa anatoka kunywa. Juzi aliniuliza: "Ustadhi, atanisamehe lini?" Nikamwambia sijui, mwanangu. Allah ukimwomba toba anapokea. Kwa huyu endelea kuleta maji.

Zamu yake ilishaisha zamani. Bado anakuja kila siku baada ya alasiri.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa tulivyowatendea viumbe vyako tukijua na tusipojua. Tupe elimu yenye manufaa na nyoyo laini, na utuhurumie siku tutakayokuwa na kiu hatuna wa kutunywesha ila Wewe. Aamin.

Ukiona kuna faida, mfikishie na mwenzako, hasa mwenye mbwa nyumbani.

Wabillahi tawfiq.