Harufu ya Petroli Ruaha Mbuyuni

Ukitoka Mikumi kwenda Iringa, bonde la mibuyu hukufikisha Ruaha Mbuyuni, kando ya Mto Ruaha Mkuu. Joto ni kali, na vitunguu hupangwa kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Wengi husimama hapo kununua. Sisi tulisimama kwa sababu mtoto alisema, "Mama, kunanuka petroli."

Baba watoto alitaka tuendelee, tupande Kitonga kabla ya giza. Tulimsihi angoje. Tukawateremsha watoto, tukawaketisha chini ya mbuyu, mbali na majiko ya mkaa.

Fundi alichomoa waya wa betri, akaacha injini ipoe, ndipo akainama. Mpira wa petroli, mkongwe kama gari lenyewe, ulikuwa umekakamaa kwa joto na kupasuka karibu na kibano. Matone yalidondokea jirani na ekzosi. "Mama," alisema, "mlimani, injini ikichemka, ingetosha cheche moja."

Kijana mmoja alileta kipande cha mpira wa maji. Fundi alikikataa: petroli huulainisha na kuula. Alitafuta mpira wa mafuta, akaufunga kwa vibano vipya, akawasha injini na kukagua kila kiungo mpaka akaridhika kuwa ni kikavu.

Kitonga tuliipanda gizani, polepole, watoto wamelala.

Akina mama wenzetu, tusizidharau pua zetu wala za watoto. Ukisikia harufu ya petroli garini, sema. Wanao washuke kwanza; safari itangoja.